Banda la Kuku Lililokwenda Gulio la Mashewa

Asubuhi ya mwisho ya kawaida tuliyokuwa pamoja, Yasinta alikaa nyuma ya pikapu, miguu inaning'inia, anakunywa chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha. Mlango wa nyuma ukishushwa ndio ulikuwa kiti chake. Alikuwa anatoa nyuzi kwenye gauni lake, anazipuliza.

"Baba Justa," akasema, "hili dirisha la kushoto linagonga njia nzima. Kama dada yako akianza habari za shamba."

"Nitaweka mpira."

"Ulisema hivyo juzi."

"Juzi sikuwa na mpira."

"Na leo?"

Nilikuwa nao. Nikamwonyesha kipande cha tyubu. Akacheka, akaniongezea chai bila kuuliza.

Mchana alisema kichwa kinamuuma. Jioni tulikuwa hospitali. Presha. Nyumbani alirudi kwa kuzikwa tu. Tulimzika hapa Kwamndolwa, na watu walijaa mpaka njiani.

Msibani kina mama waliotoka Mashewa walikwenda kuishika ile kanopi, lile boksi la faiba linalofunika nyuma ya pikapu. Walizoea kuona fundi wao wa nguo anakuja na gari lenye nyumba mgongoni. Ilivyopatikana hawakujua. Naieleza mimi. Angeieleza yeye ingenoga zaidi, maana angetia chumvi. Mimi chumvi sina.

Yasinta alizaliwa kambi ya mkonge. Baba yake alitoka Songea, wangu Iringa, wote walikuja kukata mkonge, wote wakazikwa huku. Kwingine hatukujui. Kushona alifundishwa na masista, na tangu hapo futi ya kupimia haikumtoka shingoni. Hata kanisani. Padri akimpa komunyo futi inaning'inia.

Kwa miaka mingi alikuwa na fremu ya duka karibu na stendi ya Korogwe. Akishona sare za shule. Kila mwisho wa mwaka kina mama wa Mashewa walishuka na watoto wao, wanapimwa, wanashonewa. Halafu mwenye fremu akaitaka fremu yake, aweke biashara ya simu. Ugomvi haukuwapo. Yasinta akarudi nyumbani na cherehani juu ya guta la matairi matatu, amekaa ubavuni mwake ameishikilia kama mgonjwa.

Nilidhani atalia. Akashuka, akaizunguka pikapu yangu.

"Hii gari inabeba nini siku hizi?"

"Mahindi. Machungwa, msimu ukifika."

"Na mahindi yakikosekana?"

"Inakaa."

"Isikae. Iwe fremu yangu. Wale wa Mashewa sitawangoja washuke, nitawapandia gulioni kwao."

"Mama Justa, iko wazi. Mvua je? Vumbi je?"

"Tutaivika."

Binti yetu Justa, aliyeko Dar es Salaam, aliposikia alipiga simu. Anampenda mama yake. "Mama, umeshona inatosha. Uza hiyo cherehani, njooni huku mpumzike." Waliongea sana. Mwisho Yasinta akampa neno. Kama hadi gulio la mwisho kabla ya shule kufunguliwa hajapata kazi Mashewa, atauza cherehani na atakwenda Dar es Salaam kulea wajukuu. Hatabisha.

Nikamwangalia. Huyu mwanamke hakuwahi kuuza hata kifungo. Nikajua hapo pana kazi.

Tulianza na turubai. Tukalifunga kwenye fito, tukatoka kujaribu barabara kubwa. Upepo ulilijaza likapiga kama bawa, likachanika katikati. Yasinta alitazama nyuma kupitia kioo. "Limekufa," akasema. "Geuza."

Kanopi mpya ilikuwa ya wenye hela. Tukaenda kwa Zaidi, fundi bodi wa hapa Korogwe, mtu wa makamo, mweusi kwa grisi, mwenye maneno mengi. Akatuambia iko moja Kwedizinga, kwa mzee Mbwana.

"Nzima?" nikauliza.

"Nzima, mzee. Ila ina wapangaji."

Wapangaji walikuwa kuku.

Kanopi ilikuwa imewekwa juu ya matofali nyuma ya nyumba ya Mbwana. Gari lake lilikufa zamani, likauzwa vipande, kanopi ikabaki. Madirisha mawili ya pembeni, mlango wa nyuma wa kuinua juu, kioo kimoja kimevunjika, pamezibwa na gunia. Rangi ilikuwa nyeupe, nadhani. Mavi ya kuku yaliifunika. Nikagonga paa kwa kidole. Faiba ngumu, haina ufa.

Mbwana alikuwa tayari hata kabla hatujamaliza salamu. "Chukueni. Mimi sina gari, kuku hawasafiri."

Mkewe, Mwaija, akatoka jikoni anafuta mikono. "Nani achukue nini?"

"Hawa wageni wanataka banda."

"Kuna kuku anaatamia humo."

"Tutamsogeza, bi mkubwa," nikasema.

Mwaija akaniangalia kama mtu aliyetukana. "Baba, wewe umezaa? Kuku aliyeatamia hahamishwi. Ukimhamisha anasusa mayai, yanaoza yote. Hata sheria ya mahakama haimhamishi."

Mbwana akacheka. "Mimi nimeishi humu ndani miaka yote, kumbe kuku ndiye mwenye hati ya nyumba."

Nilitaka kubisha. Yasinta akanikanyaga mguu. Akapiga magoti, akaingiza kichwa na mkono kwenye kanopi. Tukasikia kishindo na "yuu!" Akatoka na alama ya mdomo wa kuku kwenye mkono.

"Ana haki," akasema. "Angalia alivyo mkali. Mama huyu."

Mwaija akalegea kidogo. Yasinta akavua futi shingoni, akaipima kanopi yote, kuku ndani, huku anamwimbia taratibu ili asiruke. Kisha akamgeukia Mwaija, akampima na yeye, mabega, kiuno, urefu, kabla mwenyewe hajauliza kwa nini.

"Nitakushonea gauni la kitenge, la mikono ya puto. Mzee wangu atakujengea banda la fito, zuri kuliko hili, lenye mlango. Vifaranga vikitoka, tunakuja."

"Mikono ya puto?" Mwaija akauliza.

"Ya puto. Mpaka mzee Mbwana asikutambue."

"Huyo hanitambui hata sasa," Mwaija akasema, na mambo yakaisha.

Siku za kungoja zilikuwa ngumu. Yasinta alishona gauni, akamaliza, akalifumua kola, akalishona tena. Kila siku aliniambia, "Mpigie Mbwana." Nampigia. Mbwana anasema, "Bado. Ametoka kula, amerudi." Siku moja alipiga mwenyewe asubuhi, anapiga kelele hadi simu ikapasuka sauti: "Vimetoka! Njooni na kamba!"

Mimi si mtu wa kuruka. Siku ile niliruka.

Tulijenga banda la fito asubuhi, mchana kuku na vifaranga vyake wakahamia, Mwaija akavaa gauni akatembea nalo hadi kwa majirani. Wanaume wa pale walibeba kanopi wanaimba, wakaipakia. Ilizidi urefu wa pikapu, ikachungulia nyuma kama mtu aliyevaa koti la kaka yake. Tukaifunga kwa kamba za mkonge. Barabara nzima ya kurudi Korogwe watu walisimama kutazama. Manyoya yalikuwa yanaruka nyuma yetu. Yasinta alipunga mkono kama bibi harusi.

Nyumbani ikaanza kazi ya kuosha. Majivu, brashi ya waya, maji, ndimu, tena majivu. Harufu ilikaa. Jirani yetu Denis akaja kuegemea ukuta.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Nasikia mnahamia bandani."

"Marahaba," Yasinta akajibu, hata hakuinua kichwa. "Ingia, Denis. Imebaki nafasi ya jogoo mmoja asiyewika."

Denis akaenda zake. Kesho yake akaleta mbao za plywood alizokuwa nazo darini. Tukazifanya rafu. Kioo kilichovunjika tukaweka plastiki ngumu iliyokuwa juu ya meza ya zamani. Benchi la wateja nililitengeneza kwa milingoti mikavu ya mkonge, myepesi, mtu mmoja analiinua kwa mkono. Pembe zilizochakaa ndani, Yasinta alizifunika kwa mabaki ya vitenge, kila pembe rangi yake. Jioni alikuwa anaingia humo ndani anakaa tu, anachungulia dirishani.

"Unaona nini?"

"Wateja."

Ikabaki kukata. Ukiilinganisha nyuma na mlango wa pikapu, kanopi ilizidi mbele, upande wa kabini, na lazima ipunguzwe. Yasinta akapima bodi ya pikapu kwa futi yake, akachora kwenye faiba kwa chaki ya cherehani. Zaidi akaja na grenda. Mimi nilikwenda kununua bolti, Yasinta akaitwa kwa jirani kupima sketi. Zaidi akakata.

Niliporudi, kanopi ilikuwa juu ya pikapu na Zaidi mweupe kwa vumbi la faiba, anatabasamu. Yasinta akaingia getini nyuma yangu. Akasimama.

"Zaidi. Umekata mstari gani?"

"Huu wa ndani, mama. Ulikuwa mnene."

"Nilichora miwili!"

"Niliiona. Nikajua wa kwanza umekosea, ukachora mwingine."

"Sikukosea! Wa ndani ni wa mwili, wa nje ni wa kukata! Kuna mtu anakata kwenye mwili?"

Nitalieleza, maana hata mimi sikulielewa mara moja. Fundi wa nguo akipima, huchora mstari wa mwili wa mtu, halafu anaongeza vidole viwili nje, ndipo anakata. Ile nyongeza ndiyo inayoingia kwenye mshono. Ukikata kwenye mstari wa mwili, nguo haifungi. Yasinta alifanya vivyo hivyo. Wa ndani ulikuwa kipimo cha bodi, na vidole viwili vya nje ni vya kukalia ukingo. Fundi bodi hana habari hiyo. Kwake chaki ni mahali pa kukata, na mistari miwili ni mmoja umekosewa.

"Mama," Zaidi akasema, "sasa vidole viwili vya mshono vya nini? Faiba inashonwa?"

Hakuna aliyecheka. Pale mbele, kati ya kanopi na ukingo, palikuwa na uwazi wa kupitisha mkono. Mvua za vuli zilikuwa zimeshaanza. Ndani ya boksi lile vilikuwa vinakwenda vitambaa vya bluu na vyeupe, tena vyeupe vikilowa maji ya barabara vimekwisha. Na gulio la mwisho kabla ya shule lilikuwa wiki ile.

Zaidi alikaa chini kwenye vumbi lake. "Nitatafuta faiba nyingine ya kuunga. Lakini kukauka, wiki hii haiwezekani."

Nilisema, "Basi Mama Justa. Tumejaribu."

Akanijia juu. "Umejaribu wewe?" Akamgeukia Zaidi. "Umeniuliza faiba inashonwa?"

"Nilitania, mama."

"Una drili?"

"Ninayo."

"Toboa. Ukingo wote wa mbele, tundu baada ya tundu, nafasi ya kidole. Halafu kaa unyamaze."

Turubai letu lililochanika lilikuwa bado kwenye banda la mbuzi. Akalitoa, akakata upande mzima, safari hii mstari wa nje, na mkasi wake aliusukuma kwa nguvu hadi ulimi ukatoka nje. Akakunja mara mbili kama kola ya shati, katikati akaweka mpira wa tyubu. Nikaenda kwa fundi viatu kuomba uzi wa nailoni na sindano nene. Zaidi akatoboa. Yasinta akapanda juu ya pikapu, kanga kiunoni, akashona faiba. Mkono mmoja ndani, mmoja nje. Mimi ndani napokea sindano, namrudishia.

"Vuta."

"Navuta."

"Vuta kama mwanaume, Baba Justa, si kama unafunga tumbo la mtoto."

Kola ile ilitoka chini ya kanopi, ikapita juu ya uwazi, ikashuka upande wa pili wa ukingo. Zaidi akaibana na bati jembamba na ribiti. Alipomaliza akachukua ndoo ya maji, akamwaga juu. Sote tukaingiza vichwa ndani.

Pakavu.

"Nimezeeka kwenye gereji," Zaidi akasema. "Sijaona gari lenye kola."

"Ukifa utakuwa umeona," Yasinta akasema. Wakacheka wote wawili hadi Zaidi akakohoa faiba.

Ndoo ni ndoo. Mvua ni kitu kingine.

Siku ya gulio tuliondoka alfajiri. Cherehani tumeibana kwa bolti kwenye sakafu, vitambaa kwenye rafu. Yasinta akakataa kukaa mbele. Nilimwambia si salama. Akasema atakaa humo na mali yake aulinde mshono wake, na mimi niendeshe kama nimebeba mayai. Nikaendesha hivyo.

Barabara ya kwenda Mashewa ni ya vumbi, na ikilowa ni ya matope. Katikati ya safari mvua ikaja. Haikuanza na matone. Ilimwagika. Wipa yangu ni moja, inafuta upande wangu tu. Maji yakapita juu ya bonneti, yakapiga kioo, yakaenda moja kwa moja kwenye ile kola. Nilikuwa nasikia moyo wangu kuliko injini.

Nikasikia ngumi zinagonga kabini. Gu gu gu. Gu gu gu.

Nikajua imeingia. Nikasimamisha gari, nikashuka kwenye mvua, viatu vikazama, nikainua mlango wa nyuma.

Yasinta amekaa kwenye benchi la mkonge, miguu mikavu, nywele kavu. "Mbona umesimama?"

"Umegonga!"

"Nilikuwa napiga ngoma! Tazama, Baba Justa, tazama!" Akanishika mkono uliolowa, akaupeleka kwenye mshono, upande wa ndani. Hakuna hata jasho. "Funga mlango, unaniletea mvua wewe!"

Nikarudi kwenye usukani nimelowa hadi mifupa, nacheka peke yangu kama mwehu. Nyuma ngoma ikaendelea.

Tulipofika mvua ilikuwa imekatika. Gulioni watu wanakamua nguo zao za mitumba, wenye chumvi wanalia chumvi yao. Tukapaki pembeni, tukainua mlango, Yasinta akaweka benchi nje, akaning'iniza sare moja ya mfano. Akakaa.

Hakuja mtu.

Watu walipita, wakatazama gari, wakapita. Mzee mmoja akasogea, akachungulia, akanusa. "Kuku wa kienyeji mnauzaje?"

"Hatuuzi kuku, baba," Yasinta akasema.

"Mbona kuna unyoya?"

Ulikuwapo. Umenasa kwenye bawaba. Yasinta akautoa, akampa. Mzee akaupokea, akaenda nao.

Jua likapanda. Yasinta alikuwa anapanga vitambaa ambavyo vimeshapangwa. Simu ikaita, ni Justa. Hakupokea. Mimi nilijifanya naangalia tairi. Nilikuwa nawaza cherehani ile itanunuliwa na nani.

Ndipo akatokea mama mmoja na mtoto wa kike mkononi, amebeba kikapu cha maharage. Akasimama mbali, akakaza macho.

"Fundi? Fundi wa stendi?"

"Maryamu," Yasinta akasema, maana wateja wake wote aliwajua kwa majina na viuno.

"Jamani! Tumekwenda mjini juzi tumekuta maduka ya simu! Wakasema umefunga, sijui umekwenda kwa watoto. Mimi nikarudi na mtoto wangu hivihivi." Akageuka, akapaza sauti gulio zima likasikia: "Nyie! Acheni kununua hizo sare za dukani zinazochanika makalioni! Fundi wetu huyu hapa, kaja na nyumba yake!"

Walikuja. Kwanza watatu, kisha sikuhesabu. Watoto walipanda kwenye kanopi kuitazama, wanashushwa, wanapanda. Benchi likajaa, wengine wakakaa kwenye mawe. Cherehani ikaanza kulia. Mimi niliwekwa kushika futi ile ndefu, halafu nikaondolewa, nashika vibaya. Yasinta alikuwa na pini mdomoni, chaki sikioni, jasho linamtoka, na uso wake, sijui niseme nini, uso ulikuwa wa yule msichana niliyemwona kambini kwa mara ya kwanza, ameshika ndoo.

Simu ikaita tena. Akaniambia nimwekee sikioni, mikono yake ina kazi. Nilisikia sauti ya Justa ndani: "Mama, vipi? Umeshindwa? Nije kuwachukua lini?"

Yasinta akatema pini kiganjani. Alisema hivi, sijabadilisha neno:

"Justa mwanangu, niache kwanza, kuna mtoto amesimama hapa mikono juu ananisubiri nimpime, na nyuma yake wako wengine siuoni mwisho wao."